Mashimo ya Mirihi

Baba wa binti mmoja wa darasa langu la elimu ya anga alisema atakuja kuona somo moja tu, na akiona ni mchezo, binti harudi tena. Alasiri zote binti atakuwa dukani kwake akipima vitambaa. Nilimjua mzee yule. Duka lake liko hatua chache kutoka shule yetu hapa Mji wa Kale, na neno likishamtoka halirudi.

Kwa hiyo nilimwambia binti aonyeshe picha ya sayari ya Zohali. Pete zile humpendeza kila mtu, hata mwenye moyo wa jiwe. Niliziba madirisha kwa leso, nikatundika shuka ukutani, nikawasha projekta. Mzee akaja, akavua viatu mlangoni kama aliyeingia nyumbani kwa watu, akaketi nyuma kabisa. Joto lilitukaba sote.

Binti akafungua picha. Haikuwa Zohali. Ilikuwa Mirihi, ardhi kavu iliyopigwa picha na chombo cha angani kutoka juu, imejaa maduara. Nilitamani kumfinya. Picha ile huwashinda watu wazima, kwa kuwa jua limeimulika kutoka upande wa chini wa picha, nasi tumezoea mwanga wa juu, basi mashimo yote huonekana vilima. Ndiyo maana darasani kwangu hakuna kutaja kitu kabla ya kutafuta jua liko wapi. Tena anayeonyesha hasaidiwi, hata na mwalimu. Kanuni hiyo niliitunga mwenyewe, na siku hiyo niliijutia.

"Vilima vyote hivyo vya nini?" mzee akauliza.

"Si vilima, baba. Ni mashimo."

Wanafunzi wenzake wakainamisha vichwa. Kwetu mtoto hamkatalii mzazi mbele za watu. Akithubutu, ni kwa kunong'ona, tena nyumbani. Mzee akanigeukia mimi.

"Mwalimu, huyu asema kweli?"

Ulimi uliniwasha. "Muulize mwenyewe," nikasema.

Binti akaipindua picha kwenye kompyuta, juu ikawa chini. Vilima vikadidimia palepale, vikawa mashimo. Mzee akainama mbele. Binti akairudisha ilivyokuwa, vikainuka tena.

"Umeichezea," mzee akasema.

"Sikuichezea, baba. Ni ileile. Macho ndiyo yamezoea jua kuwa juu."

"Yaani macho yangu yanidanganya?"

Nilimwomba Mungu amtie binti hekima ya kunyamaza.

"Ndiyo, baba. Na yangu pia."

Mzee akainuka. Akaenda mpaka mlangoni, akasimama penye viatu vyake. Binti, aliyemjua kuliko mimi, akachukua mkoba akaanza kutia vitabu vyake, kimoja kimoja, bila kututazama. Nilimkasirikia yeye, nikamkasirikia baba yake, nikajikasirikia mimi niliyemwalika.

"Weka mkoba chini," mzee akasema. Alikuwa amerudi, amepita viti vyote, amesimama karibu kabisa na shuka. "Geuza tena."