Mtandao Ulikuwa kwenye Banda la Nguruwe

Simu za mkononi zilipoanza kushuka bei, mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi Morogoro Mjini, na mama alikuwa juu mlimani analima karoti na kabichi. Habari zetu zilipitia kwa wachuuzi wa mboga. Nikisema Jumamosi nakwenda kumsalimia, mchuuzi wa sokoni anamwambia mwenzake, mwenzake anamwambia mwingine, na mama anapata taarifa kwamba naoa tena. Mke wangu alipochoka na habari hizo, tukamnunulia mama simu.

Niliipandisha mwenyewe. Kumbe kijiji kizima hakikuwa na mtandao. Nikapanda kwenye jiwe, nikapanda mparachichi, nikazunguka shamba nimeinua mkono, mama yuko nyuma yangu anauliza kama nimeuona, kana kwamba tunatafuta mbuzi. Mwishowe vijiti viwili vya mtandao vikatokea. Nikageuka kwa furaha, nikamkuta mama amesimama mbali, amekunja uso. Nilikuwa nimevuka mpaka. Nilikuwa kando ya banda la nguruwe la jirani.

Jirani huyo alikuwa mzee aliyestaafu kazi ya reli kule Ngerengere, akarudi kwao kufuga. Miaka sita nyuma nguruwe wake aliingia shambani kwa mama akamaliza matuta mawili ya karoti. Tangu siku hiyo mama hakumsalimia. Hata kanisani, padri aliposema watu watakiane amani, mama alikuwa anageukia benchi la nyuma.

Akaniambia simu nirudi nayo mjini. Nikaiacha mezani, nikaondoka.

Wiki ya pili akanibipu. Nilipompigia, alipokea kwa sauti ya kumwita mtu aliye bonde la pili. Alikuwa amevizia mzee aende kwenye sala za jumuiya, akapenya. Tukaongea habari za mvua, na katikati ya maongezi nikasikia mkoromo mzito. Nikauliza nani huyo.

“Mwenye eneo,” akajibu.

Alipogeuka, mwenye eneo halisi, yule mzee, alikuwa nyuma yake, ameshika rozari. Mama alinisimulia baadaye kilichofuata. Mzee aliingia ndani, akatoka na kigoda, akakiweka karibu na banda, akarudi ndani. Mama alilalamika sana kwamba kigoda kile kilikuwa kinayumba. Lakini alikikalia.

Baada ya hapo aliona tabu ya kwenda na kurudi, maana nikipiga akiwa shambani simpati. Simu ikaanza kulala kwa mzee, ndani ya kikapu kilichoning'inizwa kwenye nguzo ya banda. Ikilia, mzee anapokea, kisha anapuliza filimbi yake ya reli. Mara moja ni mimi, mara mbili ni dada yangu wa Mikese. Watu waliokuwa wanapalilia mteremko mzima wakawa wanajua nani kati yetu anamkumbuka mama na nani hamkumbuki. Dada alinishinda, na nikasutwa hadharani.

Siku moja, mama akiwa bado anapanda kilima kuja kwenye simu, nilimsalimia mzee, akaitikia marahaba, nikajikaza kumwombea mama msamaha kwa ile miaka ya kununa. Nikasema nguruwe ni mnyama tu, hana akili ya mipaka.

“Mwanangu,” mzee akasema, “nguruwe yule tulimla Pasaka ya mwaka uleule. Huyu hapa ni mjukuu wake. Mama yako amemnunia marehemu.”

Nilicheka mpaka walimu wenzangu wakatoka ofisini. Mama alipofika na kupokea simu nikamweleza, nikidhani naye atacheka.

“Najua walimla,” akasema. “Alinona kwa karoti zangu, na sikuletewa hata mfupa.”

Kumbe hilo ndilo lililokuwa linamuuma. Sikujua kama mzee alikuwa amesimama karibu. Bila shaka alikuwa karibu, kwa sababu Krismasi ilipofika mama alipelekewa mguu mzima wa nyuma, na Misa iliyofuata aligeuka akampa mkono. Dada anasema kanisa zima lilitulia kuangalia.

Baadaye mnara ulijengwa kwenye kilima cha ng'ambo na mtandao ukaingia mpaka jikoni. Mzee naye akanunua simu. Mara ya mwisho nilipopanda kuwatembelea, niliwakuta wanapigiana, kila mmoja kwenye uwanja wake, wanaonana kabisa, na kila mmoja anapaza sauti kiasi kwamba hakuna aliyehitaji simu. Walikuwa wanajadili mbegu za kabichi. Nilimwuliza mama kwa nini asimwite tu.

Akafunika simu kwa kiganja. “Kuita watu kwa kelele ni ushamba,” akaniambia, kisha akaendelea na kelele zake.