Tairi Mbili za Lami, Mbili za Matope

Chekeni tu, nimeshazoea. Pale mtaa wa Jabe hadi leo kuna watu wakiniona napita wanaulizana kwa sauti kama leo nimevaa viatu pea moja au pea mbili, na mimi napunga mkono kama mtu asiyeelewa, kumbe nimeelewa vizuri sana na aibu inanipanda upya kama siku ile.

Wakati huo nilikuwa nampenda Rukia (bado nampenda, ila wakati huo sikuwa na ruhusa ya kulisema mbele za watu), na baba yake, Mzee Saidi, muuza vitambaa ambaye hata babu yake aliuza vitambaa hapohapo Jabe, alikuwa hajasema ndiyo wala hapana. Kila nilipotuma mshenga alirudi na jibu lilelile, kwamba Mzee amekunywa chai, amemshukuru, kisha amesema, "Huyu kijana mi bado simujue." Basi, nikawa natafuta namna ya kujulikana.

Namna ikaja yenyewe. Kulikuwa na ndoa Jumamosi, kule juu milimani nyuma ya Gihosha, na Mzee Saidi ndiye aliyeombwa asome khutba. Gari lake lilikuwa limelala uani halina mafuta, kama magari ya watu wengi siku hizo za uhaba wa mafuta, na Yusufu, kaka yake Rukia, akaninong'oneza kwamba kama nina akili nijitolee. Nikajitolea kabla hajamaliza sentensi. Nina pikapu yangu, mafuta yake napewa kazini, ya kusukumwa na magurudumu ya nyuma tu (hilo likumbukeni, mimi nililisahau), lakini tairi zake zilikuwa zimelika mpaka laini kama kiganja cha karani. Siku za kazi naendesha kwenye lami ya kando ya ziwa hadi kwenye ghala la saruji ninakotunza stoo, na nilishaanza kuota kwamba nikiwa mkwe nitakuwa napanda mlima kila Jumamosi, maana Mzee ana miti yake ya avoka kulekule. Sasa nichague tairi za lami au za matope?

Nikampigia Yusufu. "Weka pneu mixte tu, ndugu yangu," akasema. "Itaweza lami, itaweza na matope."

Mixte! Neno hilo nani alijue kama si mimi? Shule niliyosoma ilikuwa mixte, nusu wavulana, nusu wasichana. Kwa hiyo tairi mixte ni nini, kama si mbili za lami na mbili za matope? Sikuona cha kuuliza. Nikaenda kwa muuza tairi, nikaagiza mbili mbili kwa sauti ya mtu anayejua mambo, naye akanitazama kidogo, akasema, "Patron, uko na hakika?" Nikamwambia hii inaitwa mixte. Akachukua spana akafunga. Aliponiuliza zile kubwa zenye meno zikae wapi, nikasema mbele, kwa sababu Mzee Saidi hukaa kibarazani mwa duka lake, na gari likija, mbele ndiko kunakoonekana kwanza. Hiyo ndiyo hesabu niliyopiga, jamani, na niliipiga peke yangu.

Wiki nzima kwenye lami zilivuma kama mashine ya kusaga, usukani ukitetemeka mikononi, na kazini waliponiuliza kulikoni niliwapa somo zima la mixte (mmoja alitaka kwenda kununua, namshukuru Mungu alichelewa).

Jumamosi ikafika. Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi. Mzee Saidi alipanda na kanzu nyeupe iliyopigwa pasi hata ukiigusa inalia, na dada yake Bi Mwamini akajibana katikati yetu, mama mwenye macho ya kuona kila kitu. Tulipotoka kwenye lami tukaanza kupanda matope mekundu, na mwanzoni mambo yalikuwa mazuri mpaka nikaanza kupiga mluzi. Kwenye kona moja, chini ya kiduka ambako watu walikuwa wamesimama wakijikinga na manyunyu, mbele pakashika na nyuma pakakataa. Gari likageuka taratibu, likakaa mkingamo wa barabara, tairi za nyuma ndani ya mtaro.

Mzee akashuka kwenda nyuma kuniongoza. "Pole pole, Hamza," akasema, "usikanyage sana." Nami, badala ya kumsikia, nikaona hapa ndipo pa kuonyesha uanaume. Nikakanyaga.

Tairi za nyuma zikazunguka bure, zikachota matope ya mtaro mzima zikammwagia Mzee Saidi kuanzia ndevu hadi miguu. Pale kwenye kiduka hakuna aliyecheka. Mama mmoja mwenye kikapu cha ndizi alisema tu, "Yampayinka," yaani ole wetu, kwa sauti ya msibani. Nilitamani ardhi ipasuke, lakini ardhi yenyewe ilikuwa imeshahamia kwenye kanzu ya baba mkwe.

Bi Mwamini akashuka, akalizunguka gari, akatazama mbele, akatazama nyuma. "We Hamza," akasema, "gari yako imevaa bote za matope mbele, nyuma iko na kandambili. Hii ni mode gani?" Akacheka yeye kwanza, na hapo kiduka kizima kikapata ruhusa.

"Nani alikuchagulia hii?" Mzee akauliza, akijifuta jicho moja.

"Ni Yusufu, Mzee. Alisema mixte."

Mzee akatoa simu, akampigia mwanawe, akaweka sauti ya nje ili wote tusikie. "Apana, Baba," Yusufu akasema. "Pneu mixte zote ine ni sawasawa, kila moja inaweza lami, inaweza na matope. Kwani huyu aliweka nini?" Alipoelezwa alicheka mpaka Mzee akakata simu.

Tukapanda kwa miguu, mimi nimemshikia mwavuli asiouhitaji tena. Khutba aliisoma akiwa na kanzu ya kuazima iliyomfika magotini, na pilau ilipoletwa Bi Mwamini alikuwa ameshawasimulia wote. Mimi nilikaa mlangoni, karibu na viatu.

Tulipokuwa tunangoja vijana wa kijijini walitoe gari, Mzee akaniita pembeni. "Matope inaoshwa, hiyo sikasiriki," akasema. "Lakini ulikuwa na haya ya kuuliza neno moja ya pneu. Siku mutoto wangu atagonjwa, docteur aseme neno hujue, utafanya aje? Utatikisa kichwa tu?"

Neno lile liliniuma kuliko kicheko chote, maana alikuwa amesema kweli, ningetikisa kichwa.

Tangu hapo nimeapa, sipiti neno nisilolijua. Muuza tairi nilimuuliza maswali mpaka akataka kufunga duka. Ijumaa nikaenda Jabe bila mshenga, nikamuuliza Mzee Saidi anataka mume wa namna gani kwa binti yake, naye akaagiza chai ya pili, yangu.

Na siku ya ndoa yangu, sheikh aliponitamkia yale maneno ya Kiarabu niyarudie, nilisema, "Sheikh, samahani, hilo la kwanza maana yake nini? Nataka nijue ninachokubali." Msikiti mzima ukaangua kicheko, Yusufu akajiziba mdomo kwa kofia, na sheikh akamtazama baba wa bibi harusi. Mzee Saidi hakucheka.

"Mumuache aulize," akasema. "Na mumujibu mpaka aelewe."