Msaada wa Shemeji

Wagonjwa walimbandika jina la Mama Mionzi, kwa sababu ameishi na mashine ya eksirei miaka mingi kuliko aliyoishi na mumewe. Hakulikataa. Mashine, alisema, angalau ikiharibika inawasha taa.

Hospitali yao ndogo haina bingwa wa mifupa. Ina ofisi yake tu, iliyopakwa rangi mpya, ikingoja siku atakapopatikana. Kwa hiyo picha hutumwa kwenye seva ya hospitali kuu, bingwa wa huko akazisoma na kuamua. Asubuhi hiyo ilikuwa picha ya shingo ya mwashi aliyeanguka kutoka jukwaani. Amelazwa juu ya ubao, hasogezwi, mkewe amesimama mlangoni. Bila neno la bingwa, hakuna aliyethubutu kumpandisha kwenye gari.

Mama Mionzi akaandika nenosiri. Kompyuta ikajibu: umekosea mara nyingi mno, akaunti imefungwa kwa muda, subiri. Mara nyingi! Na ndiyo kwanza ameketi.

Akampigia fundi wa kompyuta wa hospitali, ambaye pia ni mdogo wa mumewe, bwana mwenye vyeti vilivyotiwa fremu. Alikuwa bado nyumbani, maana mtaalamu hakimbizwi.

"Usihangaike, shem. Tulia tu, nashughulika nayo huku huku."

Akatulia. Alipojaribu tena, imefungwa. Akasubiri, akajaribu, imefungwa. Akakagua nyaya, akaizima kompyuta na kuiwasha, akaibembeleza, akaitukana. Nyuma yake mwashi akasema vidole vinaanza kufa ganzi. Mama Mionzi aliogopa sasa, na yeye akiogopa hukasirika.

Akapiga simu tena. Kabla shemeji hajaanza hotuba, akasikia vitufe vikigongwa upande wa pili.

"Shem, unaandika nini hapo?"

"Si paswedi! Nakusaidia kujaribu."

"Ipi?"

"Ile ya siku zote."

"Tuliyoibadilisha wiki iliyopita? Nikakutumia mpya, ukanijibu 'sawa'?"

"Nilijibu, shem. Kusoma sikusoma."

Basi ndivyo ilivyokuwa. Akaunti ni moja, wanaitumia wote wawili, na tangu asubuhi, kabla hata hajapigiwa simu, shemeji alikuwa akijaribu kuiingia kutoka nyumbani. Kila ilipofunguka, mtaalamu aliwahi kugonga lile nenosiri lililokufa, na seva ikawafungia wote wawili.

"Toa mikono kwenye hiyo kompyuta," Mama Mionzi akasema polepole. "Vikalie hivyo vidole mpaka nikwambie."

Ilipofunguka tena, picha zikaenda mara moja. Bingwa akajibu upesi: mfungeni shingo, mleteni sasa hivi, mbona mmechelewa?

Machela ikatolewa. Mke alitembea kando yake, mkono wa mumewe ndani ya mikono yake yote miwili.

"Nimekushika. Unausikia mkono wangu?"

"Nakuona tu," mwashi akajibu.

Simu ikaita. "Umeona, shem? Si nilikwambia utulie tu, itakubali!"

Mama Mionzi akakata simu, akaenda kushika upande wa pili wa machela.