Hodi ya Kichakani

Mtu akipiga hodi mlangoni kwake, Mama Mkubwa hakuitikia. Hata kama mikono imejaa unga, hata kama mgeni anamjua kwa kikohozi chake, hakusema karibu akiwa ndani. Aliinuka, akaburuta kandambili zake mpaka mlangoni, akafungua, akakutazama usoni, ndipo akatabasamu na kukupisha. Mwenye duka la jirani alimtania kila siku.

"Hiyo karibu yako umemfichia nani, Mama Mkubwa?"

"Wewe ingia, acha maneno. Si umeniona?"

Binti wa marehemu mdogo wake, aliyelelewa na yeye tangu hajaota meno, alikulia ndani ya kimya hicho akidhani kila nyumba iko hivyo.

Mama Mkubwa alikuwa mpishi wa shule ya bweni, mwanamke wa mikono mipana yenye makovu ya mvuke, na sauti ya kukwaruza iliyozoea kutuliza foleni. Alipostaafu akaanzisha matembezi ya Jumamosi. Watu walikusanyika nyuma ya karakana ya magari, kwenye tangi la maji lililotoboka, akawaongoza kufuata nguzo za umeme hadi kwenye kichaka kilichomea juu ya machimbo ya mawe yaliyoachwa. Njiani aliwaonyesha mchunga, mchicha pori, kivumbasi cha kujifukizia mafua. Zaidi ya yote aliwaonyesha mnavu, na mnanaha unaoota pembeni yake kama ndugu mwenye roho mbaya. Yakiwa machanga, majani ya mimea hiyo miwili hukudanganya.

"Sugua, nusa," aliwaambia. "Mnavu unanuka mboga. Huyu ananuka kama panya aliyefia kabatini. Ukimla utaongea na ukuta, na ukuta utakujibu."

Watu walicheka. Lakini wakifika ukingoni mwa kichaka, hakuna aliyeruhusiwa kumpita. Alisimama, akavua kofia, akapiga hodi. Kisha akanyamaza, shingo kaiinamisha upande mmoja, mpaka waliokuja na utani wao wakaanza kutazamana. Ndipo akasema, "Haya, twendeni."

Masikio yake yalizeeka kabla ya miguu. Yalipoanza kumwangusha, alimwita yule binti, ambaye siku hizo alikuwa fundi cherehani na mtu mzima mwenye mambo yake.

"Jumamosi funga cherehani. Utasimama upande wangu wa kulia. Mimi nitapiga hodi, wewe utasikiliza."

"Nasikiliza nini, Mama Mkubwa?"

"Kimya."

"Na kisipokuwepo?"

"Tunarudi. Hatukimbii, hatuelezi mtu. Tunarudi."

Tangu siku hiyo hakumwita tena kwa jina lake. Alimwita Masikio.

Habari yenyewe aliitoa jioni moja jikoni, akichambua mboga, mgongo kaugeuzia meza.

"Mimi na mama yako tulikwenda kuchuma pale. Nikapiga hodi kwa mzaha, kama mtoto anayecheza. Kichaka kikaitikia. Karibuni, kikasema. Mama yako machozi yakamtoka, akaingia mbio. Mimi miguu ilikataa."

"Machozi ya nini?"

Mama Mkubwa alifungua bomba. Maji yalipiga sufuria kwa muda.

"Ilikuwa sauti ya mama yetu. Tulikuwa hatujamaliza hata matanga yake."

Masikio aliacha kusuka nywele zake. Mama Mkubwa akaendelea, taratibu, kana kwamba anasoma kitu kilichoandikwa ukutani.

"Akatoka na kapu la mnanaha. Mama yako, aliyeujua mnavu kabla hajajua kusoma! Namwambia tupa, ananionyesha jani: Dada, leo una macho gani, huoni ni mnavu? Nikalimwaga lote. Nilipoondoka akarudi kuchuma. Akapika, yeye na baba yako wakala, hawakuamka tena. Wewe ulikuwa mgongoni kwangu."

Kuhusu mnanaha, Masikio aliamini. Kuhusu sauti, alijisemea kwamba uchungu hutafuta wa kumtwika lawama. Lakini Jumamosi zilizofuata alisikiliza vizuri zaidi.

Mama Mkubwa aliugua kifua mvua zilipoanza. Wodini alikuwa akikunjua shuka kama anayetafuta kijiko kilichopotea. Mara ya mwisho alimvuta Masikio kwa kola, akamsogeza mdomoni, akasema neno. Masikio akaitikia ndiyo, ndiyo, akalihesabu kuwa la homa, akamrekebishia mto. Asubuhi kitanda kilikuwa na shuka safi.

Watu walimwomba matembezi yasife. Jumamosi ya kwanza walifika wachache, akiwemo fundi simu aliyejulikana kwa mdomo wake, pamoja na mkewe mjamzito aliyetamani mnavu kuliko chakula chochote.

"Leo tukichelewa," fundi simu alisema, "mtoto atatoka akidai mboga mwenyewe."

Ukingoni mwa kichaka Masikio alivua kofia. Ilikuwa saa nne, jua limetanda, hakuna jani lililotikisika.

"Hodi."

Kimya. Alishusha pumzi, akageuka kuwaambia twendeni.

"Karibu, Masikio."

Sauti ilikuwa ileile ya kukwaruza, ya foleni za wanafunzi. Nyuma yake, ndani huko kwenye mawe, kandambili zikaburuzwa, hatua moja, nyingine.

"Kumbe mwenyeji yupo!" fundi simu alicheka. "Mama watoto, tumekaribishwa."

Mkewe alikwishanyanyua mguu. Hakuna alichokitaka Masikio duniani siku ile kama kusukuma yale matawi aone uso ule mara moja tu, amwambie kwamba alishughulika na mto badala ya kumsikiliza, amwombe radhi.

"Mama Mkubwa," aliita, "toka nikuone."

Kandambili zikasimama.

"Karibu," sauti ikasema tena, karibu zaidi, kwa upole ambao haijapata kuwa nao. "Ingia tu. Mnavu umejaa."

Matawi hayakufunguka kama mlango wake. Hakuna uso uliotokea. Upepo haukuwepo, lakini harufu ilikuja: panya aliyefia kabatini.

Masikio alimshika mjamzito kifundo cha mkono, akamgeuza, akawatazamisha wengine njia ya nguzo za umeme.

"Vipi tena?" fundi simu alilalamika. "Si tumeitikiwa?"

"Tunarudi," alisema, wala hakukimbia, wala hakueleza. Alitembea wa mwisho, machozi yakimdondokea kofiani, na nyuma yake kandambili zikiburuzwa hadi pale kichaka kilipoishia. Sasa lile neno la wodini alilisikia lote, na halikuwa la homa hata kidogo:

"Siku nikikukaribisha, Masikio, ujue si mimi."