Masika Kwenye Meza ya Oktoba

Wamarekani wa chama chetu cha treni za mfano hawakugusa treni zao kabla hawajafungia mashine ya kukatia majani. Miezi ya joto yote walikuwa watu wa bustani na nyama choma, na treni ndogo zilikaa kwenye maboksi besimenti, chumba cha chini ya nyumba, mbao za meza zikivimba kwa unyevu na reli zikipinda. Septemba ikiingia, simu zinaanza kulia. Hapo ni kukarabati na kujenga mpaka Novemba. Desemba ni maonyesho. Theluji ikifunga barabara mtu anaanza mlima mpya, na Aprili jua likitoka mchezo unalala tena.

Niliwakuta nikiwa fundi wa matengenezo huko Rockville, Marekani. Boila ya kupashia joto ukumbi wao iligoma, nikaitwa. Nilipopanda juu nina masizi mpaka masikioni, nikakuta wazee kumi na wawili wameinamia treni yenye mabehewa ya urefu wa kiganja. Mimi ni mtoto wa Kilosa, nimekulia hatua chache kutoka relini. Boila ilipona saa nne asubuhi, mimi niliondoka saa saba.

Chama kilikuwa na utaratibu wake. Kila mwanachama hujenga kipande chake cha meza nyumbani, na siku ya maonyesho vipande vyote huunganishwa, reli kwa reli, ikawa njia moja ndefu. Sharti ni kwamba vyote viwe vya msimu mmoja, mgeni asione miti imebadilika ghafla. Msimu wao ulikuwa Oktoba: miti myekundu, maboga mlangoni, majani makavu. Mwenyekiti, mpima ardhi mstaafu ambaye sikuwahi kumwona akicheka, aliilinda Oktoba ile kama mlinzi wa benki.

Mwaka wa kwanza nilitii. Nilitengeneza maboga arobaini, kila moja dogo kuliko punje ya mtama. Mwaka wa pili nikasema potelea mbali, najenga masika ya Kilosa, nyasi zimefika kiunoni na mto Mkondoa umejaa. Ulikuwa mwaka wa tisa sijaona masika. Makaratasi yangu yalikuwa bado, na asiye na makaratasi akitoka hapa harudi. Mama alikuwa akiniambia kwenye simu kwamba mvua imeanza, nami nasikia bati likipigwa nyuma ya sauti yake, mpaka kadi ya simu inaisha. Niliitaka mvua ile. Nilitaka ikae meza moja na Oktoba yao.

Mwenyekiti akakataa. Alisema kipande changu kitaungana na majirani wawili, na nitawaharibia wote. Nikatabasamu, nikaomba radhi, kama nilivyokuwa nikiomba radhi kwa kila kitu katika nchi hii.

Lakini sikuliacha wazo langu. Kila mwaka kulikuwa na kazi moja isiyo na mwenyewe: kitanzi cha mwisho wa njia, mahali treni inapozunguka ili irudi ilikotoka. Ni kipande kikubwa, kizito, hakiingii kwenye gari dogo. Kina jirani mmoja tu, na bila hicho treni ya mtu yeyote hairudi. Nikajitolea kukijenga, kwa sharti kwamba msimu nachagua mwenyewe. Mwenyekiti alinitazama sana, kisha akaniandika kwenye daftari lake. Akasema atakikagua asubuhi ya maonyesho, na kisipomridhisha hakiungwi.

Mke wangu, aliyekuwa akihudumia wazee katika nyumba ya matunzo kule kwetu Woodbridge, alinicheka kuanzia ubao wa kwanza. "Mtu mzima na ndevu zako unachezea treni?" Kila aliponisema nilimjibu: mwacha asili ni mtumwa. Nilimjibu hivyo mezani, nilimjibu hivyo garini tukienda kanisani, mpaka binti yetu akawa ananimalizia methali kwa lafudhi yake ya Kimarekani.

Jumamosi moja ya Novemba nikamaliza. Mto nilikuwa nimeumimina kwa gundi maalumu, ambayo ikikauka inakuwa ngumu na angavu kama kioo. Chupa iliagiza nitie matone ya buluu, nikatia. Nikamwita mke wangu, ndiyo kwanza katoka shifti ya usiku. Yeye ni mtu wa Ifakara, ambako maji ya masika huingia jikoni bila hodi. Akainama, akatazama.

"Nyasi sawa. Tuta la reli sawa. Sasa haya maji ya wapi?"

"Mkondoa."

"Mkondoa gani? Hii si ni swimingi puli! Masika maji yanakuwa buluu? Yaani umesahau hata rangi ya tope?" Akajishika kiuno. "Mwacha asili ni mtumwa, ee?"

Alicheka mpaka akakaa kwenye ngazi. Mimi sikucheka. Nilifumba macho niuone Mkondoa, nikauona mto Potomac ninaouvuka kila asubuhi nikienda kazini. Niliona aibu, na chini ya aibu niliogopa.

Zilibaki wiki mbili, na gundi ile haikauki upesi kwenye baridi ya besimenti. Nikachukua patasi nikaung'oa mto wote. Vipande viliniingia kwenye nywele, kimoja kikanikata kidole. Nikachanganya upya, mke wangu kasimama pembeni na chai yake ya maziwa akiniamrisha. "Ongeza udongo. Bado. Hayo ni ya mvua ya kwanza, sisi tunataka ya Aprili." Alipotosheka, akatumbukiza vijiti na majani yaliyooza kwa mkono wake mwenyewe. Nikauwekea mto hita wiki nzima.

Siku ya maonyesho mwenyekiti alifika kwenye kitanzi changu wakati watoto wameshabandika pua kwenye kioo cha mlango. Nyasi akazipita. Tuta akalipita. Mtoni akasimama.

"Maji yamechafuka," alisema. "Wageni watadhani umekosea. Nina rangi ya buluu hapa, ni dakika kumi tu."

Nilisikia samahani ikinipanda kooni, kama ilivyozoea. Nikaimeza.

"Hapana," nikamwambia. "Masika maji ni hivi."

Akaitazama chupa yake, akaitazama treni yake ya mabehewa ishirini iliyosimama mwisho wa ukumbi, imeelekea kwangu. Akaitia chupa mfukoni, akaenda kwenye swichi. Treni ikaipita Oktoba yote, ikaja kwa kasi kwenye kiungo chetu.

"Punguza mwendo," nikamwambia kwa sauti, ukumbi mzima ukasikia. "Tuta limelowa."

Akapunguza.