Pikapu Iliyokatwa Miguu

Ilikuwa enzi za ruksa, biashara ilipofunguliwa. Miaka michache nyuma tulipanga foleni ya sabuni, mche mmoja mnagawana watu wanne. Sasa hata pale Same mtu aliweza kununua pikapu iliyotumika Japani, na mume wangu akanunua. Ningemshukuru Mungu nikanyamaza, ila mwenzangu alikwenda Arusha akaona vijana wana magari yamelala chini, matairi yamejificha. Akarudi hali wala halali.

"Gari likiwa chini linashika barabara," akaniambia. "Kwenye kona halitikisiki."

"Baba watoto, kwenu kona zipo. Barabara iko wapi?"

Akanijibu kwamba mambo ya magari hayafundishwi darasa la jioni. Sawa. Nilisoma ukubwani, kwa taa ya chemli, lakini macho ninayo.

Fundi wa karibu na stendi alilala chini ya gari siku mbili. Springi za nyuma, zile za vyuma vilivyopangwa kama chapati, akapunguza vyuma vitatu kila upande. Za mbele akazikata kwa msumeno. Gari likashuka hadi kuku wetu aliyezoea kulala uvunguni akasimama nje analishangaa. Mume wangu alizunguka mjini mara nne, tupu, mkono nje ya dirisha.

Mimi nilikuwa nawaza Jumapili. Binti yetu, anayekaa kwa bibi yake mlimani, alikuwa apate kipaimara kanisa la kule. Mchungaji hufika mara moja kwa mwaka kwa kazi hiyo. Ukikosa, unarudia mafundisho na wadogo zako. Ijumaa binti na mama mkwe walikuwa wameshuka mjini kuchukua gauni, kwa hiyo Jumapili asubuhi wote tulipanda pikapu ile, pamoja na gunia la mchele na kreti sita za soda.

Kwenye lami hata mimi nilimsifu. Tulipoiacha tu, tukaanza kupanda, gari likakaa juu ya jiwe kama mtu aliyekaribishwa kigoda.

Na mawe yenyewe! Wiki tatu kabla kijiji kiliitana msaragambo, ile kazi yetu ya pamoja, kujaza mawe penye makorongo. Aliyeyabeba kwa pikapu yake, ikiwa bado na miguu yake, ni mume wangu.

"Mawe yako yanakusalimia," mama mkwe akamwambia.

"Mama, shuka kidogo, gari lipate nafuu."

"Gari la kushusha wazee ndilo ulilonunua?"

Akashuka. Tukashuka wote, na kreti zikashuka. Tunang'oa jiwe, gari linasogea, tunataka kuendelea, mama mkwe anasimama katikati ya njia: "Jiwe la kijiji hilo. Rudisha!" Tunarudisha. Hatua kumi mbele, jiwe jingine.

Binti akaanza kulia, viatu vyeupe mkononi. "Mama, wataanza bila mimi."

Kicheko kikaniishia. Nikaomba kwa sauti: "Bwana, mcheleweshe mtumishi wako, hata kwa pancha, ila asiumie."

Amina haijanitoka, honi ikalia nyuma. Mchungaji! Huku ukuta wa mlima, huku bonde, na sisi katikati. Hana pa kupita.

Akashuka, tukamwamkia.

"Marahaba. Gari limezama?"

"Halijazama, mchungaji," mume wangu akasema, anatazama viatu vyake. "Ndivyo lilivyo."

Mchungaji akainama, akachungulia. "Kuna mtu alilifanya hivi makusudi?"

"Tena kwa siku mbili," mama mkwe akadakia.

Mchungaji alicheka mpaka akashika boneti. Kisha akafunga joho lake kwenye mfuko, akamwambia binti, "Tangulia wewe. Usipofika, na mimi sijafika." Tukapanda kwa miguu, mume wangu akabaki na gari lake na mawe yake.

Tulikuta kanisa zima liko nje linatazama njia. Ndani, binti yangu alikuwa wa nne kwenye mstari, vumbi jekundu hadi magotini, na mikono ya mchungaji nayo ilikuwa na vumbi lile lile. Alipomwekea mikono wa tatu, mtu akajipenyeza upande wa kina mama, anahema, shati limelowa jasho.

"Zamu yake imeshapita?" mume wangu akaninong'oneza.

"Bado. Angalia."

Akanishika mkono pale pale kanisani, tukaangalia.