Vipimo vya Kiungo cha Kumi na Moja

Mafundi walimwita Milimita, na jina lilimkaa sawasawa. Katika kazi yake ya kwanza alivunjisha ngazi nzima ya zege kwa sababu kidato kimoja kilizidi vingine kwa milimita nane. Fundi mkuu alimfuata mpaka ofisini, jasho linamtiririka, akamwuliza kama na chai huwa anaipima kabla ya kunywa.

"Kikombe kikiwa kimepinda, naipima," alijibu, wala hakutabasamu.

Alikuwa na miaka thelathini na mitatu, anaishi na mama yake, fundi cherehani, katika nyumba ya vyumba viwili ambayo chumba cha mbele kilikuwa duka la ushonaji. Majirani walimwita injinia tangu siku aliyotoka chuoni. Bodi ya wahandisi haikumwita hivyo bado. Ili usajiliwe lazima ufanye kazi miaka kadhaa chini ya uangalizi, uandike ripoti nene, kisha ukae mbele ya wahandisi watatu wakuulize maswali mpaka koo likauke. Yeye alishakaa mara moja, akaanguka. Walimwambia kazi yake ni safi, ila hawajaona mahali alipobeba uamuzi mzito peke yake. Alirudi nyumbani, akashona vifungo vya sare za shule hadi jioni, na mama yake alikuwa na akili ya kutomwuliza.

Mwaka uliofuata akahamishiwa kwenye bwawa.

Lilikuwa bwawa la zamani, ukuta wa zege uliozuia maji ya mto mzima. Chini yake, umbali wa kutembea kwa miguu, kulikuwa na soko, shule mbili na mapaa ya mabati yasiyohesabika. Ndani ya ukuta wenyewe mlipita njia nyembamba ya ukaguzi. Unafungua mlango wa chuma, unashuka vidato mia na kumi na viwili, unajikuta kwenye korido ndefu yenye taa chache, ubaridi wa kuuma mifupa, na mfereji mdogo sakafuni unaopeleka maji yanayovuja. Kila ukuta mkubwa wa namna hiyo huvuja kidogo. Cha kujua ni kiasi gani, na kama maji ni safi au yana matope.

Ukuta ulijengwa kwa vipande, na mahali kipande kilipokutana na kingine paliitwa kiungo. Vilikuwa kumi na saba. Kazi ya Milimita, kila Alhamisi asubuhi, ilikuwa kupima uwazi wa kila kiungo kwa kipimo chake cha chuma chenye taya mbili na kuandika kwenye daftari. Mlinzi alibaki juu mlangoni na kitabu cha kusaini, maana sheria haikuruhusu mtu kushuka bila mwingine kujua.

Alhamisi moja, mwezi wa tano wa kazi hiyo, alifika kiungo cha kumi na moja akakuta maandishi ya penseli ukutani. Ilikuwa tarehe, na chini yake namba: 3.1.

Tarehe ilikuwa ya siku ile ile.

Alipima. Tatu nukta moja.

Alidhani ni utani wa mafundi wa umeme. Akafuta kwa kidole, akaendelea na kazi. Alhamisi iliyofuata maandishi yalikuwepo tena, tarehe ya siku hiyo, namba ile ile, na alipopima, jibu likawa lile lile. Safari hii hakufuta. Alisogeza tochi karibu akatazama vizuri. Ile tarakimu ya moja ilikuwa na pua ndefu inayoshuka karibu hadi chini. Hakuna mtu aliyemjua anayeandika moja namna hiyo, isipokuwa yeye. Mwalimu wake wa darasa la pili alimchapa sana kwa ajili ya pua hiyo, na haikuacha.

Alipanda ngazi akiwa anahema.

"Nani anaingia humu siku nyingine?" alimwuliza mlinzi.

Mlinzi alikuwa mtu wa makamo, mcheshi, anayependa kuzungumza mpaka mtu amkimbie. Alimtazama kama anayetegewa mtego. "Si wewe mwenyewe, Injinia?"

"Mimi naingia Alhamisi."

"Na Jumatano mchana." Akafungua kitabu, akageuza ukurasa, akaweka kidole. "Hii hapa. Na hii. Na ya wiki ile."

Ilikuwa saini yake. Si ya kuiga. Mkono wake mwenyewe, hata pale kalamu ilipokwaruza mwishoni kama kawaida yake.

"Jumatano nipo nyumbani," alisema polepole. "Ndiyo siku yangu ya mapumziko."

Mlinzi alikuna kidevu. Ucheshi ulikuwa umemtoka. "Nisamehe, Injinia, nilitaka kukwambia siku nyingi. Jumatano huwa hunisalimii. Nasema shikamoo ya utani kama kawaida, unapita tu. Halafu nguo zako zimelowa kabla hujashuka. Nikasema labda umekasirika na mimi."

"Na kutoka? Huwa natoka saa ngapi?"

Mlinzi alipitisha kidole kitabuni. Safu ya kutoka, kila Jumatano, ilikuwa tupu.

Jioni alimsimulia mama yake. Mama alisimamisha cherehani. "Jumatano iliyopita ulikuwa na homa," alisema. "Ulilala pale kwenye mkeka nyuma ya meza yangu tangu asubuhi. Wateja walikuwa wanakuruka. Nilikugusa paji la uso mara tatu."

"Nililala sana?"

"Kama gogo." Mama alijaribu kurudisha uzi kwenye sindano, uzi ukakataa kuingia. "Mwanangu, nenda hospitali ukapimwe."

Akaenda. Daktari alimpima macho, damu na usingizi, akamwambia ni mzima wa afya, apunguze kazi.

Milimita hakuwa mtu wa kuogopa kitu kabla ya kukipima. Alhamisi iliyofuata, akitoka, alinyunyiza unga wa saruji kwenye sakafu, kuanzia kidato cha mwisho hadi kiungo cha kumi na moja, akarudi kinyumenyume. Wiki ilipopita alishuka na tochi kubwa. Kwenye unga kulikuwa na alama za buti. Kisigino cha kushoto kilikuwa na kipande kilichokatika, kama chake. Alivua buti akalinganisha, zikaingiana. Alama zilikwenda moja kwa moja hadi kwenye kiungo. Hazikurudi. Mbele ya kiungo miguu yote miwili ilikuwa imesimama pamoja, ikielekea ukutani, na hapo ndipo zilipoishia.

Ukutani iliandikwa 4.6.

Alipima. Tatu nukta moja. Akafuta taya za kipimo kwa kitambaa, akapima tena, na tena. Tatu nukta moja. Kisha akaitazama tarehe, na hapo ndipo nywele zilipomsimama. Haikuwa ya Alhamisi ile. Ilikuwa ya Jumamosi, siku mbili mbele.

Kwenye daftari aliandika alichopima. Aliporudi nyumbani hakula. Alichojua ni kimoja tu: mkono ule ulikuwa wake, na yeye hakosei kuandika namba.

Ijumaa haikuwa siku ya vipimo. Alishuka hata hivyo. Kiungo cha kumi na moja kilisoma tatu nukta nane. Alipoinama kwenye mfereji, maji yalikuwa na rangi ya maziwa yaliyotiwa chai.

Msimamizi wa bwawa alikuwa mtu mzima mwenye ushauri mwingi na haraka kidogo. Alimsikiliza amekaa. "Binti yangu, kushusha maji ya bwawa zima si kufungua bomba la jikoni. Nitaambiwa nini huko makao makuu? Kwamba mhandisi asiyesajiliwa ameona milimita?"

"Sifuri nukta saba kwa siku moja, bosi. Miezi yote kiungo hakijasogea hata kidogo. Na maji yana matope. Kuna kitu kinabebwa chini ya ukuta."

"Huenda kipimo chako kimeharibika."

"Basi twende na chako."

Msimamizi alishuka naye, akinung'unika kila kidato. Alipopima kwa mkono wake mwenyewe akapata nne kamili. Alichovya kidole kwenye mfereji, akakisugua kwa kidole gumba, akahisi mchanga. Walipanda zile ngazi mbio, yeye na kitambi chake, na kabla ya saa sita mchana milango ya maji ilikuwa imefunguliwa, na magari yenye vipaza sauti yanazunguka sokoni na shuleni kuwaambia watu wahamie juu.

Jumamosi saa saba mchana, maji yakiwa yameshuka nusu, Milimita alipima tena. Nne nukta sita. Hapo ikasimama, haikuongezeka tena. Wachimbaji walikuta chini ya kiungo hicho udongo umekwisha kubebwa na maji, ukaacha shimo ambalo lori lingeingia. Walilijaza kwa saruji laini kwa wiki tisa. Hakuna nyumba iliyoguswa. Watu walirudi majumbani wakilalamika kuwa wamesumbuliwa bure, na Milimita alipenda sana malalamiko hayo.

Bodi ilimsajili bila maneno mengi. Baada ya hapo msimamizi, bila kumwambia, alipeleka jina lake kushindania tuzo ya mhandisi bora wa ujenzi kati ya wote waliosajiliwa mwaka huo. Watu mia mbili na kitu walisajiliwa. Watano waliitwa kuhojiwa. Mama alimshonea koti jeusi, akalipiga pasi mara mbili.

Jopo lilikuwa na watu watatu. Mwenyekiti, mama mmoja mwenye sauti ya chini, alisifu ripoti. Wa pili aliuliza habari za saruji. Wa tatu alikuwa mzee mkavu aliyechimba mahandaki maisha yake yote. Zamu yake ilipofika alivua miwani.

"Umeandika hapa kwamba Ijumaa ulishuka kwa sababu ya wasiwasi. Vipimo vya Alhamisi vilikuwa vya kawaida kabisa. Wasiwasi huo ulitoka wapi?"

Milimita alisikia feni ikizunguka. Jibu alikuwa nalo tayari, alilifanyia mazoezi mbele ya kioo: uzoefu, hisia za kitaaluma. Mwenyekiti aliona anasita, akamsaidia. "Unaweza kusema tu ni silika ya mhandisi. Wengi husema hivyo."

"Naweza, mama," alisema. "Lakini ukurasa wa mwisho nimesaini kwamba kila nilichosema ni kweli."

Akawaeleza. Penseli, kitabu cha mlinzi, homa, unga wa saruji, tarehe ya Jumamosi. Hakuongeza wala kupunguza, kama anayesoma daftari. Alipomaliza, mtu wa pili alikuwa anatazama meza. Mwenyekiti aliandika kitu, akakikata.

"Asante," alisema. "Tutakuita."

Aliondoka akijua ameiaga tuzo. Wiki tatu baadaye aliitwa kwenye ukumbi uliojaa watu, mchana kweupe, mama yake akiwa amekaa safu ya nne na mkoba magotini, na jina lake likasomwa. Maelezo ya tuzo yalisema ameshinda "kwa uangalifu, kwa kusimamia vipimo vyake mbele ya wakubwa, na kwa ukweli usioyumba." Habari za penseli hazikutajwa. Watu walipiga makofi. Alipewa kipande kizito cha kioo, na mama akapiga kigelegele mpaka wazungumzaji wakangoja.

Nje, kwenye ngazi za ukumbi, yule mzee wa mahandaki alimshika kiwiko.

"Miaka thelathini na moja iliyopita," alisema taratibu, "nilitoa watu wangu kumi na wanane handakini dakika chache kabla dari halijaanguka. Jopo liliniuliza nilijuaje. Nikasema silika." Akageuka kutazama kama kuna anayesikia. "Kulikuwa na mtu amesimama mbele yetu, ananipungia mkono turudi. Alikuwa amevaa shati langu. Sijawahi kumwambia mtu, hata mke wangu."

"Kwa nini hukusema, mzee?"

"Nilitaka tuzo." Akacheka kicheko kikavu, akamwachia kiwiko. "Ilikuwa sahani ya shaba. Nimeiangalia kila siku, na kila siku imekuwa nzito zaidi."

Milimita alibaki kwenye bwawa miaka minne mingine. Jumatano katika kitabu cha mlinzi hazikuwa tena na saini yake, na ukutani hapakuandikwa kitu tena. Alikiri baadaye kwamba mwaka wa kwanza, kila alipofika kiungo cha kumi na moja, alipunguza mwendo, na kwamba upweke wa ile korido ulimlemea kuliko hofu ya mwanzo. Sasa ana kikosi chake, mabwawa matatu, na vijana waliotoka chuoni anaowatesa kwa milimita.

Mama yake ndiye aliyebadilika, tangu asikie habari za yule wa Jumatano. Zamani mlango wa duka ulikuwa wazi wakati wote, na binti aliingia tu. Siku hizi unafungwa kwa komeo. Milimita akibisha, cherehani inanyamaza, na mama anauliza kutoka ndani, "Nani?"

"Ni mimi, mama. Shikamoo."

Mama hafungui hapo hapo. Anakuja mpaka nyuma ya mlango, anasimama, na Milimita anamsikia akipumua upande wa pili wa mbao. Kisha sauti ya mama, ya upole kabisa: "Niambie kitu kingine."

Basi Milimita anasimama juani na mfuko wake wa mboga, anaanza kumsimulia siku yake ilivyokuwa, mpaka komeo livutwe.